Ukatoliki Si Dini Nyingine

Siku ya Jumapili hapa Kiembeni, Mombasa, haipiti asubuhi ila masikio ya mkaazi hupokea ibada za namna nyingi kwa wakati mmoja: hapa Misa na kengele yake ya mageuzo, pale mahubiri ya kipaza sauti chini ya banda la mabati, kwengine kitabu cha sala cha Waanglikana na nyimbo zao za zamani, na upande wa pili ngoma na kanzu nyeupe za makanisa ya Kiroho yaliyotoka bara, nao Wasabato huwa wamekwisha kusali tangu jana yake. Mtu angedhani kwamba majirani waliozoeana namna hii, wachangianao arusi na matanga, wamekwisha kujuana pia katika mambo ya dini. Walakini lipo swali moja ambalo lingali likizunguka, kwenye matatu, kwenye saluni, na hususan pale posa inapoletwa, nalo huulizwa bila ya haya wala ubaya wa moyo: "Wewe ni Mkristo au ni Mkatoliki?"

Muulizaji aghalabu ni mtu aliyeokoka, ambaye amefundishwa kwamba Ukristo ni kumkubali Yesu kwa moyo na kuzamishwa katika maji akiwa na akili zake timamu, na kwamba wale wanaopiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira Maria na kuungama kwa padre wana dini yao mbali. Naye Mkatoliki aliyeulizwa, badala ya kujibu kwa hoja, mara nyingi hulipa dharau kwa dharau, akasema kwamba lake ndilo Kanisa, na hayo mengine ni vyama vilivyobuniwa na watu juzi na jana. Hivyo kila mmoja humvua mwenziwe jina alilobatizwa nalo, kisha wote wawili wakaenda zao wakidhani wamejadiliana.

Rai ya makala haya ni kwamba swali hilo ni batili tangu shina lake; si kwa sababu hapana hitilafu baina ya Ukatoliki na madhehebu mengine ya Kikristo, bali kwa sababu hitilafu zipo, tena ni kubwa, na kumnyima mwenzio jina la Ukristo ni hila ya kuepa kuzitazama. Mkatoliki ni Mkristo, na Mprotestanti ni Mkristo. Na yanayowatenga, yaani nani mwenye mamlaka ya kufundisha na nani astahiliye kukaribia meza ya Bwana, ni mambo ambayo hayawezi kugombaniwa ila na watu wa dini moja. Sisi wa pwani tunapaswa kuyajua haya kuliko wengi, kwani ugomvi huu hatukuuanzisha sisi, bali tuliletewa na majahazi ya watu wengine.

Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, ilikuwa imepita miaka 76 tangu Martin Luther alipotangaza hoja zake huko Wittenberg, lakini habari za mfarakano ule hazikuwa na maana yoyote kwa watu wa Mvita, ndiyo Mombasa. Kwa macho ya mwenyeji, Mkristo alikuwa ni Mreno au mtu aliyebatizwa na Mreno, na Ukristo ulikuwa ni Ukatoliki pamoja na mizinga yake. Hata Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme aliyelelewa Goa na watawa wa Mtakatifu Agostino, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo na kurudishwa kutawala, alipoasi mwezi wa Agosti 1631, akaiteka ngome na kuwaua Wakristo waliokataa kuiacha dini yao, Wareno na Waafrika pamoja, hapakuwa na aliyeuliza waliouawa ni wa dhehebu gani. Waomani walipoitwaa ngome mwaka 1698, baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu, Ukristo huo uliondoka na waliouleta, usisalie ila mawe: ngome yenyewe, na kanisa dogo la Malindi.

Uliporudi, ulirudi kwa mlango mwingine. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 akiwa na barua ya Sayyid Said wa Unguja ya kumpendekeza kwa maliwali wake, alikuwa Mjerumani wa madhehebu ya Kilutheri, lakini chama kilichomtuma, Church Missionary Society, kilikuwa cha Waanglikana wa Uingereza. Mkewe Rosine, aliyefariki mwaka huohuo pamoja na mtoto wao mchanga, angali amelala huku bara ya kaskazini, upande wa Nyali. Johannes Rebmann, aliyemfuata mwaka 1846 wakafanya kazi pamoja Rabai, alikuwa Mlutheri vilevile, na Wamethodisti walipokuja kuanzisha misheni yao Ribe mwaka 1862, ni Krapf huyohuyo aliyewatangulia na kuwaonyesha njia. Kisha, katikati ya miaka ya 1870, hapahapa Kisauni, ukajengwa mji wa Frere Town kwa ajili ya watu waliokombolewa katika utumwa, ambao kengele yake ndiyo iliyoipa Kengeleni jina; na katika mji huo, mwaka 1903, kikafunguliwa chuo cha kufundishia makasisi, ambacho kilihamia Limuru mwaka 1930, na ambacho hivi leo, kwa jina la Chuo Kikuu cha St. Paul's, ni mali ya ushirika wa makanisa ya Kianglikana, Kipresbiteri, Kimethodisti na Reformed. Wakatoliki nao, kwa mikono ya mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliokwisha kujikita Unguja na Bagamoyo, walifika Mombasa mwishoni mwa karne hiyo, na mwaka 1892 wakaanzisha misheni ya Bura katika milima ya Taita.

Basi aliyezaliwa Rabai akawa Mwanglikana, wa Ribe akawa Mmethodisti, na wa Bura akawa Mkatoliki, si kwa sababu babu yake alizipima hoja za Luther na za Papa akachagua iliyo nzito, bali kwa sababu ya njia aliyoipita mmisionari alipokuwa akitafuta kilima chenye maji na hewa isiyo na homa. Bara mambo yalikuwa hivyohivyo: Africa Inland Mission ikaingia Ukambani mwaka 1895, Waskochi wa Kipresbiteri wakakaa Kikuyu mwaka 1898, Marafiki, ndio Quakers, wakafika Kaimosi mwaka 1902, na Wasabato Gendia mwaka 1906. Waprotestanti wengi waliagana baina yao kwamba mmoja asiingie katika eneo la mwenziwe. Wakatoliki hawakuwamo katika mapatano hayo, wakafungua misheni popote walipopata nafasi, na uhasama wa shule kwa shule na kilima kwa kilima ukazaliwa hapo. Kiembeni, mtaa uliojaa watu waliohamia kwa sababu ya kazi za bandari, za viwanda na za mahoteli, umeyakusanya yote hayo mahali pamoja, hata kuwauliza wapangaji wa ua mmoja wanasali wapi ni sawa na kuisoma ramani ya wamisionari wa zamani. Madhehebu ya wengi wetu yalikuwa jiografia kabla ya kuwa itikadi, na hilo pekee lingetosha kumfanya mtu aone haya kumwita jirani yake kafiri.

Lakini kisa kinachofaa kukumbukwa zaidi, kwa kuwa askofu wa Mombasa alikuwa katikati yake, ni kile cha Kikuyu cha mwezi wa Juni 1913. Wamisionari wa Kianglikana, wa Kipresbiteri, wa Kimethodisti na wa Africa Inland Mission, pamoja na wengine, walikutana katika misheni ya Waskochi kupanga shirikisho ambalo lingemwezesha muumini wa dhehebu moja kupokewa na jingine popote ahamiapo, kwani waliona kwamba kijana wa Rabai aendaye Nairobi kutafuta kazi hana sababu ya kuanza dini upya. Mkutano ulipokwisha, William Peel, askofu wa Mombasa, akaongoza ibada ya Meza ya Bwana ndani ya kanisa la Waskochi, na watu wa madhehebu mbalimbali wakashiriki. Habari zilipofika Unguja, Frank Weston, askofu wa Kianglikana wa huko, mtu wa kanisa kuu la Mkunazini lililojengwa mahali pa soko la watumwa, ambako ibada iliitwa Misa, uvumba ulifukizwa na maungamo yalisikizwa, aliwashitaki Peel na askofu mwenziwe, Willis wa Uganda, kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwa kosa la uzushi. Hoja yake haikuwa ngumu kueleweka: kwamba daraja ya uaskofu, iliyopokewa kwa silsila tangu Mitume, si pambo la Kanisa bali ni nguzo yake, na anayewakaribisha mezani watu wasiowekewa mikono na askofu, kana kwamba jambo hilo si kitu, ameibomoa nguzo kwa mikono yake mwenyewe. Ugomvi ukavuka bahari, magazeti ya London yakauandika kwa wino mwingi, na Askofu Mkuu Randall Davidson, alipotoa jawabu lake mwaka 1915 katikati ya vita vikuu, hakuwatia maaskofu wale hatiani, wala hakuridhia ibada ile irudiwe.

Tazama ajabu ya kisa hicho. Weston na Peel walikuwa watu wa dhehebu moja, wakila kiapo kwa Askofu Mkuu mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa chini ya Papa. Lakini mpaka baina ya fikra za Kikatoliki na fikra za Kiprotestanti ulipita kati yao, baina ya Mombasa na Unguja, safari ya siku chache kwa pepo za kusi au kaskazi. Kwa kipimo cha swali letu la Kiembeni, Weston, aliyesikiliza maungamo na kumheshimu Bikira Maria, hangekuwa Mkristo, na Peel angekuwa Mkristo. Nao wote wawili wangelicheka. Mpaka wa kweli haugawi dini mbili. Hupita ndani ya dini moja, na pengine ndani ya kanisa moja, na aghalabu ndani ya nafsi ya muumini mmoja.

Ama hitilafu zenyewe, insafu yataka zitajwe waziwazi. Ya kwanza, ambayo ndiyo mama wa nyingine zote, ni mamlaka. Mkatoliki huamini kwamba Kristo aliliachia Kanisa lake amana ya kufundisha, ambayo huirithi maaskofu wakiwa pamoja na askofu wa Roma aliye mrithi wa Petro, na kwamba Maandiko Matakatifu husomwa kwa haki ndani ya mapokeo ya Kanisa lililoyakusanya. Mprotestanti, tangu enzi za Luther, huamini kwamba Maandiko yako juu ya Kanisa na hulihukumu, na kwamba hapana papa wala mtaguso usioweza kukosea. Kutokana na hitilafu hiyo moja yametoka yaliyosalia: Biblia yenye vitabu 73 kwa huyu na 66 kwa yule, ingawa vile 27 vya Agano Jipya ni vilevile kwa wote, sakramenti saba huku na mbili kule, toharani, ambayo mmoja huwaombea wafu wake watoke na mwingine hukana kuwapo kwake. Ya pili ni meza: Mkatoliki huamini kwamba mkate na divai hugeuka kwa hakika kuwa Mwili na Damu ya Kristo, Mlutheri huungama kwamba Kristo yumo kweli, illa hueleza kwa namna nyingine, na wengi wa Wabaptisti na Wapentekoste huona kuwa ni ukumbusho wa utiifu. Ya tatu ni Bikira Maria na watakatifu, ambao Mkatoliki huwataka wamwombee, akitenga baina ya ibada apewayo Mungu peke yake na heshima wapewayo waja wake. Na Mprotestanti ana haki kamili ya kuhoji kama heshima hiyo, kwa vitendo vya watu, haijavuka mpaka, lakini hana haki ya kusema kwamba jirani yake ana mungu wa nne.

Hali hii inafanana na ile ya ndugu wanaogombania mirathi: waweza kwenda kwa kadhi, waweza kuacha kusalimiana miaka kumi, lakini kesi yenyewe ni ithibati ya nasaba, kwani mtu baki hadai urithi wa baba asiye wake.

Tena wanaodhani kwamba ulimwengu wa Kikristo umegawanyika baina ya Roma na waliookoka wangefaidika kutazama upande wa mashariki. Ukristo ulikuwa Misri na Uhabeshi karne nyingi kabla ya Mjerumani au Mwingereza yeyote kuugombania. Makanisa ya huko yalitengana na mengine baada ya mtaguso wa Kalkedoni wa mwaka 451, na Waorthodoksi wa Konstantinopoli wakatengana na Roma katika mfarakano ambao hutajwa kwa mwaka 1054. Makanisa hayo yana maaskofu, yana Misa, yanamheshimu Mariamu kuliko hata tunavyoona kwa Wakatoliki wetu, wala hayamtii Papa. Hapa kwetu Kenya kuna Waorthodoksi vilevile, na kuna Legio Maria, kanisa lililotoka katika Ukatoliki wa Nyanza miaka ya 1960 likiongozwa na Simeo Ondetto na Gaudencia Aoko, lenye rozari, Kilatini na papa wake lenyewe, na ambalo waumini wake wapo hata huku pwani. Je, hawa tuwaite nani? Wao si Waprotestanti, na si wa Roma. Na swali la "Mkristo au Mkatoliki" halina pa kuwaweka.

Hoja iliyo nzito kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ubatizo, nayo inatuhusu Waafrika kwa namna ya pekee, kwa kuwa ilijadiliwa kwanza katika bara letu. Karne ya 3, Cyprian, askofu wa Karthago, alishikilia kwamba mtu aliyebatizwa na wazushi lazima abatizwe tena anapoingia katika Kanisa, kwani waliojitenga hawawezi kutoa wasichokuwa nacho. Na Stephano, askofu wa Roma, akampinga kwa ukali, akisema kwamba ubatizo uliofanywa kwa jina alilolitaja Kristo haurudiwi, hata aliyeutoa awe amekosea. Cyprian alikufa shahidi mwaka 258 bila ya kukubali, na Wadonati, kundi la Wakristo wa Afrika ya Kaskazini, wakaishika rai yake kwa zaidi ya miaka mia, mpaka Agostino, Mwafrika mwenziwao, alipowajibu kwamba mwenye kubatiza ni Kristo, si mkono wa kasisi. Angalia basi ni nani aliyekuwa mpole: ni Roma iliyotetea ubatizo wa watu walio nje yake. Kwa sababu ya uamuzi huo wa kale, Mwanglikana au Mlutheri aliyebatizwa kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, akitaka kuwa Mkatoliki hivi leo, habatizwi upya. Huungama imani na kupokewa.

Na Waprotestanti wa mwanzo waliifuata kanuni hiyohiyo. Luther alibatizwa utotoni na padre wa Kikatoliki, Calvin vilevile, wala hakuna kati yao aliyetafuta maji mengine baada ya kuachana na Papa. Falau ubatizo wa Wakatoliki usingekuwa ubatizo wa Kikristo, basi baba wa Uprotestanti walikufa bila ya kubatizwa. Najua kwamba Wabaptisti na Wapentekoste watanijibu kwamba ubatizo wa mtoto mchanga asiyeamini si ubatizo, na kwamba wao huwazamisha upya hata Waanglikana na Wamethodisti. Hiyo ni hoja ya kweli, ina karibu miaka 500 nyuma yake, na watu waliuawa kwa ajili yake na Wakatoliki na Waprotestanti pia, kwa hivyo haistahili kudharauliwa. Lakini ni hoja inayohusu umri wa anayebatizwa, haihusu jina la Ukristo. Na anayeitumia kumtoa Mkatoliki peke yake katika dini, huku akimwacha Mwanglikana aliyenyunyiziwa maji siku moja naye, huyo hatetei itikadi bali chuki aliyoirithi.

Mgala muue na haki yake mpe: Kanisa Katoliki nalo lina sehemu yake ya lawama, na si ndogo. Kwa karne nyingi mapadre walifundisha kwamba nje ya Kanisa hapana wokovu, kwa namna iliyowafanya waumini wao kuwaona majirani wa misheni nyingine kama watu waliokwisha kupotea. Na hata baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kutangaza, tarehe 21 Novemba 1964, kwamba waliobatizwa katika makanisa mengine ni ndugu katika Bwana, waraka mwingine wa Roma wa mwaka 2000 ulisema kwamba jumuiya zisizo na uaskofu wa silsila na Ekaristi kamili si Makanisa kwa maana iliyo halisi. Mkatoliki anayefunga ndoa na Mkristo wa dhehebu jingine hutakiwa apate ruhusa na aahidi kufanya awezalo watoto walelewe katika Ukatoliki, jambo ambalo mkwe Mmethodisti hulisikia kama kuambiwa kwamba imani yake ni ya daraja ya pili. Na pale kwenye Misa ya mazishi, ambapo aila nzima imesimama pamoja, mama Mkatoliki na mwanawe aliyeokoka, meza inapofunguliwa mmoja huenda na mwingine hubaki kitini. Kanisa lina hoja zake za kufanya hivyo, na ni hoja zilezile za Weston. Lakini linapaswa kuzieleza kwa upole, tena kabla ya siku ya msiba, si kuacha katekista awatishe watu mlangoni.

Aidha hatuwezi kusema kwamba mambo hayajasogea. Huko Buganda, ambako Wakatoliki waliitwa Wafaransa na Waprotestanti Waingereza kwa sababu ya wamisionari wao, makundi hayo mawili yalipigana kwa bunduki mjini Mengo mwezi wa Januari 1892. Na lililo chungu zaidi ni kwamba miaka michache tu kabla yake, kati ya 1885 na 1887, Kabaka Mwanga aliwaua vijana wa pande zote mbili, na wengi wao wakachomwa pamoja Namugongo tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 kwa jumla ya mashahidi hao wote. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza wale 22 kuwa watakatifu mwezi wa Oktoba 1964, aliwataja na wale Waanglikana waliokufa kwa jina hilohilo la Kristo, na Papa Fransisko alipofika Namugongo mwezi wa Novemba 2015 alizuru mahali pa Waanglikana kabla ya kusoma Misa kwenye mahali pa Wakatoliki. Kadhalika tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia saini tamko la pamoja juu ya suala lilelile lililomtoa Luther katika utii wa Roma, yaani mtu huhesabiwaje haki mbele ya Mungu, wakakiri kwamba ni kwa neema, kwa imani katika Kristo. Wamethodisti wakaliunga mkono mwaka 2006, na makanisa ya Reformed mwaka 2017. Ni mahubiri mangapi ya Kiembeni yangali yakimshutumu Mkatoliki kwamba anafundishwa kujiokoa kwa matendo yake, miaka mingi baada ya tamko hilo?

Mintarafu ya idadi, sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu Waprotestanti kuwa asilimia 33.4 ya wananchi, Wakatoliki 20.6, makanisa ya Kiinjili 20.4 na makanisa yaliyoasisiwa na Waafrika 7.0; na sensa hiyohiyo, kwa hekima ambayo wahubiri wengi hawana, iliwahesabu wote kuwa Wakristo. Hapa pwani Wakristo ni majirani wa Waislamu, na maulama na mapadre hukaa meza moja katika Baraza la Viongozi wa Dini la Pwani kuzungumzia amani na ardhi. Lakini viongozi haohao wa Kikristo, warudipo mitaani mwao, ni nadra kukaa wao kwa wao. Askofu aweza kumjua Sheikh kwa jina na asimjue mchungaji wa kanisa lililo nyuma ya ukuta wake. Ni kana kwamba heshima tumeiweka kwa ajili ya wageni, na ndugu tumewaachia ukali.

Ninapendekeza mambo matatu, nayo si makubwa. La kwanza, mapadre na wachungaji wa Kiembeni, wale ambao makanisa yao yanakubali ubatizo wa watoto, waandikiane kwamba kila mmoja anautambua ubatizo wa mwenziwe. Si jambo jipya, ni kanuni ya Stephano wa karne ya 3 ikipewa karatasi. La pili, juma la Januari 18 hadi 25, ambalo Wakristo wa dunia nzima wamelitenga kuombea umoja, litumike hapa kwa mafundisho ya wazi, Mkatoliki akisimama kwa Wapentekoste kueleza kwa nini huungama kwa padre, na Mpentekoste akisimama kwa Wakatoliki kueleza kwa nini huzamisha, kila mmoja akijibu maswali badala ya kuhubiri. La tatu, na hili liko mikononi mwa wazazi zaidi kuliko makasisi, posa inapoletwa na ikajulikana kwamba bwana na bibi ni wa madhehebu mawili, yaulizwe yale yanayofaa kuulizwa: watoto watalelewa katika kanisa gani, Jumapili itaadhimishwa vipi, na nani atamtii nani katika jambo la dini. Hayo ni maswali magumu, tena yana majibu, na ndoa iliyoyajibu kabla ya harusi ina nafuu.

Lakini lile swali la kale, la kama mchumba ni Mkristo au ni Mkatoliki, lisiulizwe tena mbele ya watu wazima wenye kuitakia dini yao heshima. Kwani Mkatoliki na Mprotestanti wana mambo ya kutosha ya kubishania kwa haki, bila ya kubishana kama mwenziwao yumo nyumbani.